Mbuzi Arobaini na Laptop Moja

"—na hakuna mbuzi hata mmoja atakayetoka Tseikuru mpaka laptop ichaguliwe!"

Makofi! Yaani watu walipiga makofi kabla hawajaelewa, vile watu hupiga makofi wakiona mtu amevaa suti kwa jua la saa sita. Mwenye suti alikuwa Bwana Nyamai, Mratibu Mkuu wa Mwendo wa Mifugo, na pale kwa ngazi ya ofisi alikuwa amesimama kwa vidole vya miguu ndio aonekane hadi nyuma kabisa.

Ismahan alikuwa kando yake na daftari. Kazi yake ilikuwa kuandika minutes. Msichana ana diploma ya kompyuta kutoka college ya Kitui mjini, alimaliza vizuri sana, na kwa sababu hiyo ofisi ilimpa biro.

"Andika," Nyamai akamwambia bila kugeuka. "Makofi, dakika moja."

"Ilikuwa sekunde nane, mkubwa."

"Andika dakika moja."

Sasa, mtu asidhani uamuzi huu ulikuwa wa haraka. Kwa miaka mingi ofisi ilikuwa na aibu yake. Mtu akitaka kupeleka mbuzi soko la mbali, alikuja, akaandikiwa kibali kwa kitabu chenye karatasi ya kaboni, akapigiwa muhuri, akaenda. Ilichukua muda wa kunywa nusu kikombe cha chai. Serikali gani hiyo mtu anatoka ofisini chai ikiwa bado moto? Ndio Jumatatu Nyamai akafungia kile kitabu kwa kabati, akaweka kifunguo kwa mfuko wa shati, akatangaza kwamba vibali vyote sasa vitajazwa kwa mtandao.

Mtandao unataka laptop. Ofisi ilikuwa imekubaliwa kununua moja. Wauzaji watatu wakaleta za kuonyesha: moja ya Windows, nyeusi, moja ya Mac, inang'aa kama sufuria mpya, na moja ya Linux, iko na stika ya ndege mnene amesimama kama mtu ameshiba. Kuchagua bila mchakato ingekuwa ufisadi. Kwa hivyo ikaundwa Kamati ya Uteuzi wa Jukwaa la Kompyuta, watu saba, na kati ya hao saba hakuna hata mmoja aliyewahi kutumia kompyuta. Hiyo ilifanywa makusudi, kuepuka upendeleo.

Kwa huo umati alikuwa Ambiyo, shangazi yake Ismahan. Yeye hakupiga makofi. Alikuwa na mbuzi arobaini, na ndizo tu alizobaki nazo baada ya ukame kupita na zingine. Lorry ya Kiama ilikuwa inatoka Alhamisi saa kumi jioni, na ingine ni baada ya wiki mbili.

"Wiki mbili?" alimuuliza Ismahan jioni hiyo. "Wiki mbili zitakuwa zimebaki masikio na sauti. Hiyo laptop inachaguliwa lini?"

"Aunty, kuna kikao kesho."

"Kikao kikiisha inachaguliwa?"

"Kikao kikiisha tunapanga kikao."

Kesho yake kamati ikakaa. Mandazi zilikuja saa tatu, ajenda ikaja saa tano. Laptop tatu zilipangwa mezani, zimefungwa, kwa sababu kuzifungua kabla ya azimio kungeweza kuwashawishi wanachama.

"Mimi naona ile nyeusi," akasema Mzee Kaloki, ambaye alikuwa kwa kamati kama mwakilishi wa wazee. "Haionyeshi uchafu."

"Uzito je?" mwingine akauliza. Wakaitana mmoja mmoja kuzibeba. Ile ya ndege ilibebwa mara tatu kwa sababu katibu alipotewa na hesabu.

Ismahan akainua mkono. Aliuinua vizuri, na kiwiko, vile walifunzwa.

"Mkubwa, samahani. Ile form ya kibali ni ukurasa tu wa internet. Laptop yoyote kati ya hizi itaifungua. Hata simu inaifungua. Kama tunataka kuchagua, tuulize tu ni gani inakaa na chaji sana, ni gani fundi wake hayuko mbali, na bei."

Mtu akameza mandazi ikasikika.

"Ismahan," Nyamai akasema kwa upole mkubwa, ule wa kuongea na mgonjwa. "Hii ni kamati ya jukwaa. Mambo ya chaji ni kamati ya stima. Usituvuruge. Umeandika ulichosema?"

"Bado."

"Usiandike."

Ukweli ni kwamba Nyamai alikuwa ameshachagua. Alitaka ile ya kung'aa. Alikuwa ameijaribu ofisini kwake mlango ukiwa umefungwa, akaiweka mbele yake, akakunja uso kidogo, akajiona kwa kioo cha dirisha. Pia alikuwa amepanga iwe inalala kwake nyumbani Kasikeu kila wikendi, kwa sababu za usalama. Shida ilikuwa moja: sheria inataka wananchi waulizwe. Na wananchi wakiulizwa wanaweza kujibu.

Kwa hivyo kabla ya kutoka, ili akishaipitisha ile yake mtu asiweze kuirudisha, akaandikisha Waraka Nambari Nne, Ismahan akiandika: *Makubaliano yoyote yatakayofanywa mbele ya umma na kuingizwa katika minutes hayatabatilishwa na mtu yeyote, wa cheo chochote, kabla ya siku ishirini na moja.*

"Hata wewe, mkubwa?" Ismahan akauliza.

"Hasa mimi," Nyamai akasema, akatabasamu. "Mimi ni mfano."

Alhamisi saa saba mchana public participation ikafanyika kwa kiwanja cha mifugo, kwa sababu huko ndiko umma ulikuwa. Mbuzi pia zilikuwa huko. Laptop tatu zikawekwa juu ya meza, wazi sasa, na Nyamai akaalika wadau wazikague kwa uhuru bila woga.

Wadau wa Tseikuru wanajua kukagua. Ambiyo alikuwa wa kwanza. Aliishika ile nyeusi akaipapasa mgongo kutoka juu hadi chini. Akapita na kidole kwa vile vibonye vyake vyote.

"Meno iko sawa," akasema. "Haijazeeka. Inakunywa mara ngapi?"

"Inakunywa?" Nyamai akauliza.

"Stima. Ikishiba leo itafika lini? Huku stima inaweza enda siku nne."

Muuzaji wake akasema masaa saba. Wa ile ya kung'aa akasema kumi na mbili. Watu wakaguna, hiyo ni kama ngamia. Wa ile ya ndege akasema inategemea mchungaji.

"Na ikigonjeka daktari wake ako wapi?"

"Wa hii ako Mwingi," akasema wa nyeusi. "Nairobi," akasema wa kung'aa. Wa ndege akasema daktari wake ni mtu yeyote mwenye uvumilivu.

"Na bei?"

Nyamai akaingilia kati mbio. "Mama, hayo ni maswali ya kiufundi! Kamati haijafika huko!"

Ismahan alikuwa anaandika akicheka kwa pua. Kwa dakika nne shangazi yake, ambaye hajawahi kutuma hata barua pepe, alikuwa ameuliza yale ambayo kamati ya watu saba ilikataa kuuliza na sahani mbili za mandazi. Halafu akaangalia barabara, akaacha kucheka. Lorry ya Kiama ilikuwa imefika. Kiama mwenyewe alikuwa ameegemea mlango akiangalia saa.

"Mama Ambiyo!" akapiga kelele. "Saa kumi mimi nimeng'oa! Nina ng'ombe za watu huko mbele!"

"Kibali hakuna!"

"Basi mbuzi hakuna!"

Nyamai akanyoosha tai. "Ndugu wananchi, tutapiga kura. Kura ya siri. Nambari moja nyeusi, nambari mbili hii ya heshima, nambari tatu hiyo ya ndege." Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. "Sanduku la kura liko wapi?"

Sanduku lilikuwa limesahaulika. Kamati ya sanduku haikuwa imeundwa.

Ambiyo akatoa shali yake begani. Akaikunjua taratibu.

"Mkubwa, kwa nini tuteseke? Sisi hapa kiwanjani tuna njia yetu ya siri. Mkono chini ya kitambaa. Unashika vidole vyangu, moja, mbili ama tatu, hakuna mtu anaona. Hata malaika hajui."

Nyamai alifurahi mpaka akasahau cheo. Jambo la kienyeji! Lingeonekana vizuri kwa ripoti. "Utamaduni wa wenyeji," akamwambia Ismahan, "andika hivyo. Na mimi ndiye nitafungua, kama mfano."

Mzee Kaloki akaanza kunyanyuka. "Bwana Nyamai, ngoja kwanza, hiyo ya kitambaa—"

"Mzee, tafadhali, kura ni siri."

Ismahan alijua. Alizaliwa pale, baba yake ana duka mita mia kutoka kwa huo uzio, na tangu utotoni alikuwa ameona wanunuzi na wauzaji wakipeana mikono chini ya kitambaa ili jirani asisikie bei. Alifungua mdomo. Kisha akakumbuka ameambiwa asivuruge.

Nyamai akaingiza mkono. Akashika vidole viwili, kwa nguvu, na jicho lake kwa ile ya kung'aa.

"Umekubali?" Ambiyo akauliza kwa sauti ya kiwanja kizima.

"Nimekubali!"

"Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu!"

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu, mbele ya kaunti, na iingie kwa minutes!"

Ambiyo akautikisa mkono wake mara tatu, akatoa shali. Kiwanja kikalipuka kwa furaha. Watu wakaja kumpa Nyamai mkono, wengine wakamwombea baraka, na yeye akawa anainama kulia na kushoto akishukuru kwa imani yao kwa teknolojia.

"Asi!" akashangaa Mzee Kaloki, akakaa chini polepole.

"Hongera, mkubwa," Ambiyo akasema. Akampatia fimbo yake ya kuchunga. "Ziko arobaini. Yule wa madoa anapenda kuingia kwa nyumba, uwe macho."

"Ya nini hii?"

"Ya mbuzi zako."

"Mbuzi zangu gani?"

"Mkubwa, uliingiza mkono chini ya kitambaa, kwa kiwanja cha mifugo, na nyuma yangu kulikuwa na nini? Laptop ilikuwa huko kwa meza. Ukashika, nikatikisa, ukasema umekubali. Huku hiyo ndio kununua. Bei ni hiyo mbili uliyoshika; mbili za nini, tutaongea ukishatulia."

"Nilikuwa napiga kura!"

"Mzee Kaloki," Ambiyo akaita, "kwani mimi nimedanganya?"

Mzee Kaloki alikuna kidevu. "Bwana Nyamai, umenunua. Nilikuwa najaribu kukwambia ukaniambia ni siri."

"Nabatilisha!" Nyamai akageuka kwa Ismahan. "Futa!"

Ismahan akafungua kurasa nyuma, akasoma kwa ile sauti ya ofisi, nzuri kabisa: "Waraka Nambari Nne. Hayatabatilishwa na mtu yeyote, wa cheo chochote, kabla ya siku ishirini na moja. Hapa umesema, 'Hasa mimi.'"

Siku ishirini na moja! Mbuzi arobaini zenye njaa zikamwangalia mwenyewe mpya. Yule wa madoa akamkaribia, akaonja koti la suti. Na kiwanja kilikuwa kinafungwa saa kumi na moja. Mbuzi yeyote asiyetolewa analala kwa mwenyewe, na Nyamai hapo Tseikuru alikuwa amepanga chumba kimoja tu nyuma ya duka la simu.

"Lorry!" akapiga kelele. "Ziende na lorry!"

Kiama akapiga miayo. "Kibali, mkubwa?"

"Ismahan! Kibali, haraka!"

"Kwa laptop gani, mkubwa? Kamati haijaamua."

"Yoyote!"

Biro ya Ismahan ikasimama hewani. "Niandike?"

"Andika! Yoyote! Hata simu!"

Akaandika: *Iliamuliwa, Mwenyekiti akisisitiza, kwamba kibali kifanywe kwa laptop yoyote, hata simu.* Akaenda kwa meza. Alifungua form kwa nyeusi, akaifungua kwa ya kung'aa, akaifungua kwa ya ndege, zikakaa hapo tatu zikionyesha ukurasa mmoja, maneno yaleyale, kisanduku kilekile cha kijani cha kubonyeza. Wanakamati walikuja kuangalia moja moja, kama wanatafuta tofauti ya mapacha.

"Jina la mwenye mifugo?" akauliza.

Nyamai akafuta jasho. Jina lake kwa kibali, na mwenye mifugo husafiri na mifugo. Hiyo sheria pia alikuwa ameiandika yeye. Akaangalia nyuma ya lorry, akaangalia suti.

"Mama Ambiyo," akasema, na hiyo "mama" ilitoka chini kabisa. "Si unaweza kuzichukua tu?"

"Kubatilisha hatuwezi, kuna waraka. Lakini wewe ni mwenye mbuzi. Unaweza niuzia kwa hilo deni lako, na uniongezee kitu kidogo."

"Kitu gani?"

Akatandaza shali tena. Nyamai akaingiza mkono polepole, kama mtu anatafuta kitu kwa shimo la nyuki. Ambiyo akamshika kidole kimoja. Kwa mkono ule mwingine akaonyesha mfuko wa shati la Nyamai, pale kifunguo cha kabati kilikuwa.

"Kimoja tu," akasema. "Siku mtandao ukipotea, kitabu kiwe wazi."

Nyamai akakitoa. Minutes zikaandikwa. Na kwa nusu saa iliyofuata Ismahan, mwenye biro, alitoa vibali kumi na saba, cha Ambiyo kikiwa cha kwanza, kwa laptop tatu na simu yake mwenyewe. Saa kumi kasoro dakika mbili lorry ikafungwa nyuma.

Ambiyo alipanda mbele na Kiama, akahesabu kupitia dirisha la nyuma, akahesabu tena.

"Ismahan! Ni thelathini na tisa! Yule wa madoa ako wapi?"

Ismahan aliangalia upande wa ofisi. Mlango wa Bwana Nyamai ulikuwa wazi, na ndani kulikuwa na sauti ya mtu akibembeleza. Akashika mdomo na mikono miwili, mabega yakacheka peke yake.

"Aunty, nenda! Kiama, washa gari! Vile huyo mbuzi amepanda juu ya meza ya mkubwa na tai yake ameishika kwa mdomo, siwezi sema saa hii nimalize. Nitakupigia kesho asubuhi ukifika, na ukae chini kwanza."