Wastani wa Kijito

Inatangazwa kwa umma, kwa furaha isiyo kifani, kwamba kijito chetu kiko katika hali ya kawaida. Nalisema hili nikiwa Katibu wa Kamati ya Kudumu ya Mwenendo wa Kijito, kwa hiyo hakuna haja ya kwenda kukitazama.

Utaratibu wetu ni wa kitaalamu. Miezi minane kijito hakina hata tone, kwa sababu malori ya kampuni ya gesi hufyonza maji yote kule juu ili kuchimbia visima. Mvua ikinyesha, kilima ambacho kampuni imekifyeka na kukishindilia kifusi hakinywi kitu. Maji yote yanashuka kwa mkupuo. Sisi hujumlisha ukame na mafuriko, tukagawanya. Jibu ni maji ya magotini, kama enzi za babu zetu. Tatizo liko wapi?

Dobi wa bondeni aliliona. Alikuja ofisini mara ya tano na ndoo tupu, akitaka tuandike tu kwamba kijito kimebadilika, ili kampuni ilazimike kuchimba bwawa la kukinga maji.

“Dada, wastani wako ni mzuri mno,” nilimweleza.

“Kaka yangu, mimi sifui wastani. Kiangazi sina maji ya kufulia, masika yanakuja kunibebea nguo za wateja. Yakija tena nafunga kazi. Wanangu watakula hiyo karatasi yako?”

Nilimwonea huruma kwa mujibu wa kanuni, nikamwambia arudi wiki ijayo.

Ili kukata mzizi wa fitina, Mkurugenzi wa Kamati yetu aliamua apigwe picha katikati ya kijito, maji yakiwa magotini, kando ya nguzo mpya ya kupimia. Kijito kilikuwa kikavu, basi tukapanga mifuko ya mchanga na kuagiza lori lije kukijaza. Maji yalichotwa katika kijito hichohicho, kule juu, hivyo uhalisia ulizingatiwa.

Mkurugenzi alikuwa ametunisha kifua mbele ya kamera wakati wingu jeusi lilipotanda kilimani. Dobi, aliyekuwa akianua nguo ukingoni, akapiga kelele. “Mzee, toka! Kule visimani mvua imeshapiga!”

“Mama, ripoti yangu iko wazi. Maji ya kilimani huchukua siku mbili kufika hapa. Nikitoka sasa nitakuwa nimeikana.”

Yalichukua robo saa. Yalishuka mazito kwa tope, yakazoa mifuko ya mchanga kwanza. Kamati nzima ilipanda ukingoni bila hata kuahirisha kikao. Mkurugenzi alibaki amekumbatia nguzo, suruali imekwenda.

Dobi alifungua kamba yake ya kuanikia, akafunga ncha moja kwenye mti, akaikusanya mkononi.

“Nakutupia, Mzee. Ila kwanza soma nguzo. Katibu yuko hapa anaandika.”

“Mita moja na nusu! Tupa!”

“Ni kawaida hiyo?”

“Mama, nitakufungulia mashtaka!” Maji yakamfika kidevuni. “Si kawaida! Si kawaida hata kidogo!”

“Imekuwaje sasa?”

“Visima! Barabara za visima! Kilima hakinywi tena! Wachimbe bwawa, naagiza, wachimbe!”

Dobi akanigeukia mimi. “Kaka, umeandika?”

Niliandika. Nikaweka tarehe na saa, nikagonga muhuri, nikamwonyesha. Aliyasoma maandishi mstari kwa mstari, bila haraka, kisha akarusha kamba.