Kufuli Lisilo na Ufunguo

Jumatatu, 4 Juni 1973

Balaa! Tembo, sufuria kubwa ya pilau ya mtaa wetu, wiki iliyopita ilitoka stoo bila ruhusa yangu, ikarudi na ukoko. Ukoko mzito! Na mimi ndiye mtunza stoo ya vyombo vya shughuli tangu nistaafu ualimu. Mtunza stoo hualikwa kila harusi, na huketi na wazee wa bwana harusi. Bwanausi, fundi cherehani, anakitamani kiti hicho. Leo kasema mbele ya Mzee Dadi, mkubwa wetu wa mtaa, kwamba kufuli langu hata kuku angelifungua. Mzee Dadi kaamua: Bwanausi akiweza kuitoa Tembo kabla ya swala ya Ijumaa, stoo ni yake. Asipoweza, afunge mdomo.

Mke wangu Mwanaharusi kauliza kwa nini nisikae tu mlangoni. Nimemweleza kwa upole kwamba ulinzi ni elimu.

Jumanne, 5 Juni

Kanuni ya kwanza: anayetaka kumzuia mwizi ajifunze kwanza kuiba. Nimeanza na kufuli la jiko letu, kwa pini ya nywele ya Mwanaharusi. Likafunguka! Nikalifunga tena ili nirudie somo. Pini ikavunjikia ndani. Mchana nimekula tende. Mwanaharusi hakula, alikuwa ananitazama.

Jioni barazani nimeeleza udhaifu wote wa makufuli ya ufunguo. Bwanausi alisikiliza kuliko wote, akaniomba nirudie pale penye springi. Nikarudia. Ujinga ni mmoja wa maadui wa taifa, hata ukiwa kichwani mwa Bwanausi.

Jumatano, 6 Juni

Mpwa wangu Alawi kaniletea kufuli la namba kutoka Dar. Halina ufunguo! Halina hata tundu! Unapanga tarakimu nne, linaachia. Pini itaingia wapi?

Barazani Bwanausi kauliza, kwa adabu ya ajabu, eti mtu huchaguaje namba. Nimemwonya: kamwe asitumie mwaka wa kuzaliwa, kila mtu ataukisia. Achague jambo analojivunia moyoni. Yangu siiandiki hata humu. Ila ni mwaka niliopata cheti cha ualimu.

Kisha nikawasimulia upya nilivyopata cheti mwaka 1938, na mvua ile. Mwaija, muuza vitumbua, kadai anaweza kunimalizia kisa, na mvua yenyewe. Wivu.

Alhamisi, 7 Juni

Nimelishambulia kufuli langu mwenyewe. Msumari. Waya. Nyundo iliyofungwa kitambaa. Halitikisiki! Seleman muadhini kanikuta nimeinama mlangoni na nyundo, kapiga ukelele wa mwizi. Watu wakajaa. Nimetumia nafasi hiyo kuwaelimisha.

Bwanausi hakuja hata kuchungulia. Yuko kwenye cherehani yake, anashona na kuimba. Ndivyo wafanyavyo waliokata tamaa.

Ijumaa, 8 Juni

Baada ya swala tumekwenda stoo wote. Kufuli limefungwa, halina mkwaruzo ila wangu. Nikatoa hotuba fupi. (Mwanaharusi anasema haikuwa fupi.) Nikafungua. Masinia yapo. Mabirika yapo. Tembo haipo!

Ilikuwa uani kwa Bwanausi, imejaa pilau, na mtaa mzima umealikwa. Hata mimi. Mzee Dadi akauliza imewezekanaje. Bwanausi, badala ya kujibu, akawauliza watu Mwalimu alipata cheti mwaka gani. Wakajibu kwa sauti moja, kama darasa langu la zamani. Mwaija akaongeza mvua.

Nimekula kidogo. Mara mbili. Ukoko ulikuwa mzuri.

Jumamosi, 9 Juni

Nimetafakari kwa kina, na kosa nimeliona: 1938 ni mwaka wa zamani mno, watu wamepata muda wa kuuzoea. Mzee Dadi, ambaye pilau ilimkolea, amekubali tujaribu tena hadi Ijumaa ijayo. Kufuli ni lile lile. Namba ni mpya: mwaka niliostaafu.

Jioni, ili wasahau habari za cheti, nimewasimulia sherehe ya kustaafu kwangu. Bwanausi kasema samahani, Mwalimu, mwaka sikuusikia vizuri. Nimeurudia polepole, tarakimu moja moja, hadi akaushika. Mwanafunzi mzito huhitaji subira.