Kwaya Iliyofutika Nilipojitoa Mimi

Kwa Bibi Fundi wa Kompyuta ya Ukumbi wa Mtaa, ambaye nje ya saa za kazi ni mpwa wangu,

Salamu kwa heshima zote. Anayekuandikia ni bingwa wa drafti wa ukumbi huu kwa miaka kumi mfululizo. Haya, usikunje uso: bingwa ni kinyozi, mimi ni yule anayempangia kete. Lakini malalamiko ni ya kweli.

1. Mwanzoni kompyuta yako ilimruhusu mtu kikundi kimoja tu. Nilikuwa wa drafti. Nilipojiunga na kwaya, drafti ikanikana. Ukasema, "Mjomba, chagua kimoja." Mwanangu, mimi ni mjomba wako, shemeji wa baba yako na jirani wa kinyozi, yote kwa siku moja, na sijapasuka.

2. Ukanisikia. Ukaweka jedwali la katikati, kila mstari jina moja na kikundi kimoja: mtu awe na vikundi vingi, kikundi kiwe na watu wengi. Nikakusifu hata kwa wasioniuliza. Kumbe hukukataza mstari kujirudia! Kila katibu wa ukumbi akibonyeza "hifadhi", nazaliwa upya. Sasa niko mara nne kwenye drafti, na Jumamosi nimepangiwa kucheza na mimi mwenyewe. Nikijifunga, nani atanipa pole?

3. Hili ndilo limenivua nguo. Juzi nilimwomba katibu anitoe kwaya. Mstari uliotakiwa kufutwa ni mmoja tu, ule unaoniunganisha nayo. Kompyuta ikafuta kwaya yenyewe! Chumba chao cha Alhamisi wakapewa wanyanyua vyuma, na waimbaji ishirini na sita wananitazama kama mwizi wa kuku. Mwalimu wao, yule mjane mshonaji mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni, amenirudishia suruali niliyompa aipinde, mguu mmoja umepindwa, mwingine bado.

4. Je, kesho nikinuniana na jirani, nyumba yake itafutika? Nikigombana na shemeji, wewe utabaki na baba?

Kwa hiyo naomba jedwali hilo livunjwe, na kila binadamu awe na uhusiano mmoja tu maishani.

Msalimie dada yangu, mumewe na majirani wote, kila mmoja mara moja tu, tafadhali.

Ni mimi mjomba wako, nakala ya kwanza kati ya nne.

Nimesahau: usivunje kitu. Mistari yangu minne ya drafti iache. Ni mara ya kwanza nina uhakika wa kufika fainali. Ila kwaya irudishe kabla ya Alhamisi, nami ndani yake. Nilijitoa kwa hasira ya kuambiwa naimba kama bawaba kavu. Aliyesema ni mwalimu, na hakukosea. Sasa, nilikulishia paka wiki mbili uliposafiri, na hata ahsante sijaiona. Basi nilipe kwa hili dogo: mwambie mwalimu kwamba ni kompyuta iliyonitoa.