Mwili Wangu na Kiti cha Winchi

Jumatatu, 4 Machi

Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa ghala. Kampuni imenunua winchi mpya na inatafuta mtu wa kuiendesha. Wenye cheti ni wawili tu: mimi na shemeji, mdogo wake mke wangu. Ijumaa tutapimwa na daktari wa kampuni. Atakayeonekana mzima zaidi ndiye atakayepanda.

Nakitaka kiti kile. Nimebeba magunia tangu kabla sijaoa, na mgongo umenichoka. Kule juu kuna kioo, kuna feni, na hakuna wa kukutuma. Shemeji bado kijana, mgongo wake mpya. Angoje.

Nimeulizia kwa siri vitu vinavyopimwa. Uzito, mkojo, mapafu, presha. Nimefarijika. Mwili ni kama kampuni yetu, kila idara na mkubwa wake. Mtu wa mapokezi hajui ya karakana, na tumbo litajuaje ya mapafu? Nitashughulika na kila idara kwa siku yake.

Jumanne, 5 Machi

Idara ya Tumbo. Kitambi lazima kipungue. Nimekataa chai ya asubuhi, nikakataa na chakula cha mchana. Mke wangu kauliza kama nimesusa. Nimemwambia ni mambo ya kikazi.

Saa nane mikono ikaanza kutetemeka. Moyo ukaenda mbio nami nimeketi tu. Sikuona uhusiano wowote. Nimemjibu msimamizi vibaya, kisha nimebandika lebo za sukari kwenye magunia ya chumvi. Kasema nibandue zote. Shemeji alikuwa pembeni anakula maharage, polepole, kama mtu ambaye hana Ijumaa.

Jumatano, 6 Machi

Idara ya Figo. Mlinzi wa getini kanihakikishia kwamba maji mengi husafisha mkojo. Nimekunywa mpaka tumbo likawa linasikika nikitembea. Mkojo kweli umetakata. Tatizo ni kibofu, hakina subira hata kidogo. Msimamizi kauliza kama nimehamia chooni, au nimepangishwa. Wenzangu wamecheka. Nami nimecheka, kwa adabu, huku nikielekea hukohuko.

Alhamisi, 7 Machi

Sikulala. Usiku kucha nilikuwa njiani kati ya kitanda na choo. Mke wangu alichukua mto wake akaenda kulala na watoto. Alfajiri msuli wa mguu ukanikaza. Hilo nalo sijui limetokea wapi.

Idara ya Mapafu, huku njaa na maji vikiendelea. Daktari hukupa mrija upulize kwa nguvu zako zote. Nimenunua maputo, nikajifungia stoo kufanya mazoezi. Nilipofika puto la tatu vidole vikaanza kunichoma, midomo ikafa ganzi, na nilipozinduka nilikuwa nimelala juu ya magunia. Aliyenikuta ni shemeji. Kaniinua, kanipepea, kaniuliza tunasherehekea nini. Nimemwambia leo mwanangu anatimiza mwaka mwingine. Yeye ni mjomba wa mtoto, tarehe anaijua. Kasema hongera.

Basi, na yeye imebidi nimshughulikie. Kahawa kali hupandisha presha. Kesho asubuhi nitampelekea chupa nzima, kwa upendo. Mke wangu kaniona jikoni na kasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimemjibu kwamba sichimbi kitu, nachemsha maji tu.

Ijumaa, 8 Machi

Daktari wa kampuni ni mzee mwema. Wote tunamjua: husinzia mezani, kisha huandika kwamba wewe ni mzima bila kuinua uso. Sijui kwa nini sikulikumbuka hili mapema.

Shemeji kaingia wa kwanza. Kumbe hanywi kahawa. Ile chupa yangu alimkaribisha daktari. Nilipoingia mimi, chupa ilikuwa tupu na mzee yuko macho kuliko nilivyowahi kumwona. Kanipima kila kitu mara mbili. Presha iko juu. Moyo unakimbia. Mkojo, kasema, ni maji ya bomba, nimletee wa kwangu. Nilipopuliza mrija nikaona nyota, ikabidi nesi anishike bega.

Kauliza nimekula nini na nimelala lini. Nikasema kweli, maana sikuwa na nguvu ya kutunga uongo. Kavua miwani.

"Ndugu yangu, mwilini hakuna idara. Umelinyima tumbo, damu ikakosa sukari, ubongo ukaogopa na kuuamuru moyo ukimbie. Umezilemea figo kwa maji, kibofu kikakunyima usingizi, kukosa usingizi kukapandisha presha, na chumvi ya misuli ikaenda na maji. Umepuliza ovyo, ukatoa hata ile hewa chafu ambayo damu inahitaji kiasi chake, kichwa kikazunguka. Ukimgusa mmoja, wote wanajua."

Kiti ni cha shemeji. Mimi nimeambiwa nirudi kupimwa mwezi ujao, kwani winchi itahitaji mtu wa zamu ya pili.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekula, nimelala. Nesi kanipima tena: presha imeshuka yenyewe, bila kuombwa. Lakini inaniuma. Leo nimebeba magunia kutwa nzima, na yeye yuko kule juu nyuma ya kioo, ananipungia mkono kwa heshima. Angenicheka ingekuwa nafuu.

Mke wangu kaniuliza kama nimejifunza. Nimemwambia nimejifunza sana, na ni kweli. Nimeyapima maneno ya daktari na ninayakubali yote. Viungo vinashirikiana, vinapeana habari. Kosa langu lilikuwa kuvipa siku tatu nzima za kuambiana. Mwezi ujao nitashinda njaa, nitakunywa maji yote na kupuliza maputo yote asubuhi moja tu, muda mfupi kabla ya vipimo, taarifa zikiwa bado hazijaufikia moyo.