Pikipiki ya Daktari wa Meno

Mrija aliiona kabla hajaisikia, na hilo peke yake lilimtia wazimu, kwa sababu pikipiki alizozizoea husikika kabla hazijazaliwa. Hii iliingia kwenye uwanja wa mgahawa wa barabarani ikinguruma chini kwa chini kama paka aliyeshiba. Ilikuwa ya buluu, ina kioo kirefu cha kukinga upepo, masanduku mawili pembeni, na siti pana ambayo mtu angeweza kuishi juu yake. Ni zile pikipiki za safari ndefu zenye mbio ndani yake, ambazo wenye nazo huzungukia milima mwisho wa wiki bila kwenda popote.

Jina la Mrija alipewa na majirani, na si kwa wembamba wake tu. Palipo na glasi ya mwenzake, yeye hakosi njia ya kujipenyeza. Kazi yake rasmi ilikuwa kusambaza mikate ya dada yake migahawani, kwa pikipiki ndogo ya dada yenye sanduku la bati nyuma. Lakini kazi yake ya heshima ilikuwa nyingine.

Kazi hiyo, na tuiseme kwa adabu inayostahili, ilihitaji kidole kimoja. Matajiri wa mwisho wa wiki walipoingia kunywa chai, Mrija alipita katikati ya pikipiki zao akizisifia, na kidole chake kikaigusa swichi nyekundu ya kuzimia injini, ile iliyo mkono wa kulia. Mwenye pikipiki huigusa mara moja kwa mwaka, hata huisahau kama ipo. Tajiri anatoka, anabonyeza, kimya. Anaita wenzake, wote wanainamia injini kwa huzuni kama wafiwa. Ndipo Mrija anapotokea, mkate kwapani, na kuuliza kwa upole, "Imekataa, mkuu?" Anafungua siti, anapuliza waya mmoja usio na hatia, anaguna mara kadhaa, kisha kidole kile kile kinairudisha swichi. Injini inaamka, watu wanapiga makofi, mikono inaingia mifukoni.

Siku ile, hata hivyo, Mrija hakutaka bakshishi. Aliitaka yote, na magurudumu yake.

Mwenyewe alikuwa mama wa makamo mwenye koti la ngozi, aliyemwambia mhudumu kwa sauti ya kusikika hadi jikoni kwamba yeye ni daktari wa meno na ana haraka. Alipotoka na kubonyeza, pikipiki haikujibu. Mrija alimwacha ahangaike kidogo, maana hangaiko likiiva ndipo linapokuwa tamu.

"Shikamoo, mama. Imekataa?"

"Marahaba, mwanangu. Imekataa kabisa, na imekuja vizuri tu!"

Mrija aliweka sikio juu ya tangi, akafumba macho. "Mama, sitaki kukutisha. Hii ina pumu."

"Pumu?"

"Pumu ya petroli. Inavuta, haitoi. Ukiilazimisha leo, inapasuka kifua."

"Mungu wangu! Na wagonjwa wangu wananisubiri midomo wazi!"

"Niachie mimi. Niilaze kwangu, niitibu taratibu. Ikipona nitakuletea mwenyewe."

"Sasa nitarudi mjini na nini, mwanangu? Kwa miguu, na viatu hivi?"

Hapo Mrija akasita. Pikipiki ya dada ilikuwa imeegeshwa kivulini, sanduku lake bado lina joto la mikate. Dada ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na alipompa ufunguo alimwambia neno moja: "Hiki ndicho kiguu changu. Ukikipoteza, usirudi hapa hata kunizika." Mrija alimpenda dada yake, hilo lisije likatiliwa shaka. Lakini ile buluu ilikuwa inang'aa.

"Chukua yangu, mama," akasema. Yangu! Na ulimi haukumpinda.

Yule mama alimshukuru karibu amlilie. Huku akivaa helmeti alilalamika kwamba pikipiki kubwa ni mzigo, na lau si mapenzi angekuwa ameshamuuzia mzee mmoja wa ng'ambo ya milima, mwenye geti jekundu pale barabara inapoteremkia mtoni. "Anazikusanya kama wenzake wanavyokusanya vikombe. Analipa vizuri, halafu haulizi hata habari za asubuhi."

"Watu wengine wana tamaa, mama," alisema Mrija kwa masikitiko, huku akilikariri lile geti moyoni.

Nyumbani alimwambia dada kwamba pikipiki iko gereji, ina homa. Dada akaenda kuazima mkokoteni. Kesho yake akaanza kuisukuma mikate, akipita mbele ya banda alimojifungia Mrija, na kila gurudumu la mkokoteni lilipolia, Mrija alijisikia vibaya. Kisha alitazama buluu, akapona.

Mwizi wa kawaida huiba akakimbia. Mrija alitaka bei nzuri, na bei nzuri hutaka mali safi. Akaiosha. Akaisugua cheni kwa mafuta ya taa na mswaki wake mwenyewe, akaipaka grisi pingili kwa pingili. Akamwaga oili chafu akatia mpya, akabadilisha plagi, akapima upepo wa matairi. Alipoikalia akahisi viganja vinauma kwa kuinama, akauinua usukani kwa vipande vya chuma alivyovichonga kwa tupa. Upepo ungempiga mteja kwenye paji la uso, basi akakipandisha kioo. Siti aliipeleka kwa fundi viatu, ikashonwa upya kwa uzi mweupe, mishono miwili miwili. Kulipia hayo yote aliuza redio, kisha godoro. Alijifariji kwamba anayelala sakafuni haanguki.

Asubuhi moja ya jua akaiondoa. Na hapa msimuliaji anaomba avumiliwe, kwa sababu hata yeye hajui aisimulie vipi safari ile bila kupiga kelele.

Barabara ilipanda mlimani ikijikunja, na kila kona buluu ililala upande kwa heshima, ikanyanyuka, ikalala upande wa pili. Vishikio vyake vilikuwa na joto la kupasha viganja. Kioo kilikata upepo, naye nyuma yake alikaa kama bwana harusi. Mrija aliimba ndani ya helmeti nyimbo ambazo maneno yake hakuyajua. Aliwasalimia mbuzi. Kona moja ilikuwa tamu mno, akageuza, akarudi nyuma, akaipiga tena, kisha tena, mpaka mwanamke aliyekuwa akianika nguo jirani akamuuliza kama amepotea. "Sijapotea, mama!" alipaza sauti. "Nimefika!" Alicheka peke yake hadi machozi yakamtoka, na kwa kitambo kidogo alisahau kabisa kwamba yeye ni mwizi.

Geti jekundu lilifunguliwa na mzee mfupi aliyevaa kandambili. Hakuuliza habari za asubuhi. Aliizunguka pikipiki, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye cheni.

"Yako?"

"Yangu tangu mpya, mzee. Nimeilea kama mtoto."

"Oili?"

"Ya juzi."

"Nani kashona siti?"

"Nilisimamia mwenyewe, mshono kwa mshono."

Mzee akashika usukani, machozi yakamlengalenga. "Umeuinua."

"Kidogo tu, mzee. Kwa ajili ya viganja."

"Mke wangu!" mzee akapaza sauti kuelekea nyumbani. "Njoo haraka! Huyu kauinua usukani!"

Mlango ukafunguliwa, akatoka daktari wa meno na kikombe cha chai mkononi.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Pumu imepona?"

Mrija akarudi hatua moja, akajigonga kwenye buluu. Nyuma ya yule mama, chini ya paa la mabati, zilijipanga pikipiki ndogo ndogo za kila rangi. Ya mwisho ilikuwa na sanduku la mikate.

"Wa ngapi huyu?" mzee aliuliza.

"Nilipoteza hesabu tangu yule mwenye miwani." Mama akaketi juu ya siti mpya na kujitikisa kidogo, akaridhika. "Usijione mjinga, mwanangu. Kila penye mgahawa pana kijana mwenye kidole kama chako. Nikisikia swichi inalia *tak*, moyo wangu unatulia. Najua safari imelipa."

"Na wote huileta hapa," mzee akaongeza. "Mnyama kama huyu utamuuzia nani mwingine? Tangu tumnunue hatujamlipa fundi hata mmoja. Wengine huosha tu, wavivu wale. Lakini siti! Hajatokea wa kutushonea siti."

"Nitakwenda polisi!" Mrija akafoka.

"Nenda. Waambie ulimwazima mtu pikipiki isiyo yako ili umwibie ya kwake."

Mrija akakaa chini palepale. Aliwaza dada anavyousukuma mkokoteni juani, na aibu ikamshika kweli kweli. "Nichukulieni chochote," akasema. "Ile yenye sanduku ni ya dada yangu. Ndiyo kiguu chake. Yeye hajaiba chochote kwa mtu."

Mume na mke wakatazamana. Mzee alimnong'oneza mkewe jambo, akinyooshea kidole ile mishono. Mama akakohoa.

"Tunahitaji fundi," akasema. "Ubaki hapa umtunze buluu, umpeleke milimani kumnyoosha misuli, na dada yako atarudishiwa kiguu chake. Lakini kwanza mpigie umwambie ukweli. Hatuajiri mwongo, nyumba hii tumeshatosha."

Simu ikawekwa spika juu ya tangi. Mrija akavuta pumzi, akasema yote: kidole, swichi, daktari, pumu, geti jekundu. Hakuficha hata godoro. Alipomaliza, jasho lilikuwa linamtiririka.

Upande wa pili mkokoteni ulisikika ukilia, kisha ukasimama.

"Wewe," dada akasema. "Mimi mgongo umekatika kwa mkokoteni, halafu unaniletea daktari mwenye pumu?"

"Pumu ilikuwa ya pikipiki, dada."

"Pikipiki ina pumu?"

"Haina! Nilidanganya!"

"Kwa hiyo unakiri unadanganya!"

"Hapana, sasa hivi nasema kweli! Yeye hata si daktari!"

"Uongo wako wa zamani ulikuwa na adabu! Angalau ulikuwa unajipanga! Leo unanitupia wezi wanaoibiwa ili waoshewe pikipiki? Mimi ni mtoto mdogo?"

Mzee alikuwa ameshikilia geti kwa mikono miwili, mabega yanatetemeka kwa kicheko, kandambili moja imeshamtoka. Mkewe akamhurumia Mrija, akaichukua simu. Sauti ikambadilika, ikawa ya hospitali.

"Hujambo, binti yangu? Mimi ni daktari wa meno. Kaka yako ni mtu wa pekee. Pikipiki yangu iliniharibikia njiani, nina mgonjwa mahututi wa jino. Akanipa yake bila kusita, akaniuguzia yangu bila kudai hata shukrani. Nimemwajiri leo hii awe fundi wangu. Na pikipiki yako nakuletea mwenyewe kesho, tangi limejaa, tena nitakuja na salamu zake."

Dada akaanza kulia kwa furaha. "Mungu akuzidishie, daktari. Nilijua tu kwamba nimemlea mtu. Hebu nipe huyo mjinga."

Mrija akaisogelea simu kwa woga. "Naam, dada."

"Sasa mdogo wangu," dada akasema, akipenga kamasi, "ukweli mzuri kama huu, ulikuwa unanificha wa nini?"