Chumba cha Mbele cha Baba Pacifique

Edmonton, Jumatatu, 8 Novemba 2004

Boksi la intaneti limefika. Laini moja, kompyuta tatu: yangu, ya Aristide, na ile ya jikoni ambayo Mama Pacifique, mwenye nyumba, husomea barua za mwanawe aliye Brussels. Aristide ni mpwa wa marehemu mumewe na anajiona fundi. Amesema Mkenya hawezi kuunganisha hata pasi. Tutaona.

Shida yangu si intaneti. Shida yangu ni chumba cha mbele. Baba Pacifique alifariki Pasaka, matanga yameshaondolewa, na Mama atampa mmoja wetu chumba chake wiki hii. Kitanda cha watu wawili! Mimi nalala juu ya ngazi, katika chumba ambacho nikinyoosha miguu mlango unafunguka.

Jumanne, 9 Novemba

Nimefaulu. Waya umepita kwenye ngazi, Mama amejikwaa mara moja tu. Halafu nimegundua jambo tamu. Kompyuta moja inaweza kutuma maneno kwa nyingine zote humu ndani. Kisanduku cha kijivu hutokea katikati ya kioo, na ndani yake jina la kompyuta iliyotuma. Jina hilo unajichagulia mwenyewe. Yangu iliitwa LINUS. Sasa inaitwa SERAPHIN, jina la marehemu. Mungu atanisamehe nikishahamia.

Jumatano, 10 Novemba

Mama alikuwa jikoni akikaanga makayabu, samaki wa chumvi wa kwao. Nikatuma: Émilienne mpenzi, huku kuna baridi. Chumba changu mpe Linus. Nikatega sikio. Sikusikia yowe wala kilio. Nikashuka, nikakuta kioo cha kompyuta kimefunikwa kitenge na samaki wanaendelea.

Wakati wa chai akasema, bila kumtazama mtu, kwamba tangu azae mtoto wa kwanza mumewe hakumwita Émilienne hata siku moja. Alimwita Mama Pacifique, kama mume yeyote mwenye adabu. Sasa huyo mwanamume anayemwita mpenzi ni nani? Nikameza chai ya moto, ulimi ukababuka. Aristide akatabasamu. Kompyuta imerudi kuitwa LINUS.

Ijumaa, 12 Novemba

Saa kumi jioni na giza linaingia. Aristide yuko ghalani kazini, mashine yake imezimwa. Mama yuko kwenye maombi. Niko peke yangu nyumbani. Kikatokea kisanduku. Kutoka SERAPHIN: Mama Pacifique, huyu anayetumia jina langu ni nani?

Nikachomoa waya wangu. Kikatokea kingine. Ni Linus?

Nikashuka hadi kwenye boksi. Taa ya nne inawaka. Kwenye tundu la nne hakuna waya. Nimemngojea Mama barabarani, kwenye kituo cha basi, bila koti.

Jumamosi, 13 Novemba

Mama amesoma maneno ya jana, yalikuwa yanangoja jikoni pia. Akafuta machozi. Huyo ndiye, akasema. Nikamkumbusha, kwa upole, kwamba marehemu hakuwahi kugusa kompyuta maishani, hata rimoti alikuwa akiiogopa. Akajibu kwamba huko aliko ana muda wa kujifunza.

Tukiwa mezani wote watatu, kisanduku tena kwenye kompyuta ya jikoni. Mama Pacifique, chumba mpe Linus. Nimechoka kulala peke yangu.

Aristide akasema yeye kile chumba hakuwahi kukitaka. Akachukua koti, akapanda basi kwenda kwa binamu yake Tottenham, mtaa wa jirani, na uji wake ukapoa mezani. Nimeshinda! Mama amenipa ufunguo kwa mikono miwili na kuniambia nilale upande wa dirishani. Wa ukutani una mwenyewe.

Jumapili, 14 Novemba

Nimehamia baada ya ibada. Kitanda kizuri mno, miguu yangu yote imeenea. Nikajilaza kidogo baada ya chakula cha mchana. Rejeta ya kupasha chumba joto inawaka lakini upande wa ukutani kuna baridi ya kisimani. Halafu godoro la upande ule likashuka taratibu, kama mtu mzito anapokaa kuvua viatu. Niliogopa, sikatai. Nilimwita mama yangu, aliye Kakamega.

Kompyuta ikawaka pembeni. Linus, sogea.

Nimesogea. Ametulia. Na katika kutulia huko nikaanza kufikiri: mzee huyu anasikilizwa sana humu ndani. Basi kompyuta yangu nimeibadilisha jina tena, nimeiita SERAPHIN, na nimemwandikia Mama kwamba televisheni ya sebuleni ihamie huku chumbani leo hii.

Godoro limeanza kutikisika. Nadhani anacheka.