Mifumo Miwili, Saa Moja

Jumatatu, 3 Juni
Nimefaulu! Kompyuta ya mke wangu sasa ina mifumo miwili ya uendeshaji. Ukiiwasha inakuuliza unataka upande upi: wake wa zamani au wangu mpya. Wala sikumwita shemeji. Huyo kaka yake ana kibanda cha kutengeneza kompyuta, na sifa zake kwa mama mkwe haziishi. Basi, leo tumelingana. Mke wangu ameuliza kama kazi zake ziko salama, maana Ijumaa asubuhi ana usaili wa kuwa mwalimu mkuu, kwa video. Nafasi hiyo ameingoja miaka. Nimemwambia aondoe shaka.

Jumanne, 4 Juni
Saa ya kompyuta imekimbia mbele! Nimeirekebisha upande wangu. Mke wangu kafungua upande wake, kakuta imerudi nyuma. Kairekebisha. Narudi kwangu: mbele tena! Nimemwambia aache kuchezea saa. Amesema mchezaji ni mimi. Tumenuniana hadi chakula cha jioni.

Jumatano, 5 Juni
Mchawi nimemjua. Ni ile saa kujirekebisha yenyewe kupitia intaneti. Nani aliiomba ushauri? Nimeizima pande zote mbili.
Shemeji kapiga simu, bila shaka dada yake kanichongea. Ati ndani ya mashine saa ni moja, ila kila mfumo unaisoma kwa kanuni yake. Ati nisiguse kitu mpaka aje Jumamosi. Kanuni! Nimemshukuru kwa adabu zote, nikakata simu. Kijicho tu.

Alhamisi, 6 Juni
Mke wangu roho juu. Anauliza aamini saa ipi. Nimeirekebisha upande wangu kwa mara ya mwisho, kisha nikamwapisha asiiguse tena. Ameapa, lakini kwa jicho ambalo sikulipenda.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeamka mapema kumsaidia. Simu yake nimeizima nikaificha kabatini, isije ikalia katikati ya usaili. Nikawasha upande wake. Lo, saa ya ukutani inapingana na kompyuta! Kati ya hizo mbili, ipi ina akili? Nikapanda kiti, nikaisahihisha ya ukutani kwa kuirudisha nyuma.
Mke wangu katoka chumbani mbio, akidhani amechelewa. Nikamwonyesha ukuta. Akatulia, akapiga pasi blauzi mara mbili. Akashangaa mbona jua kali hivi. Nikamwambia ni msimu.
Alipofungua mkutano akakuta ujumbe: wamemsubiri, hakutokea, wameendelea na wengine.
Alikaa tu, akaanza kulia. Niliumia, sisemi uongo. Nikafungua kabati nikampa simu, sikuwa na kingine cha kutoa.
Kampigia mwenyekiti wa jopo, kamweleza ukweli wote, na mimi nimo kwenye ukweli huo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilisikia mtu akicheka upande wa pili. Wakampa nafasi ya mwisho, alasiri. Shemeji, kaitwa na dada yake, akaja akitweta, akabonyeza hapa na pale, saa zikapatana. Kisha akapanda kiti, akairekebisha na ya ukutani. Bora angenisema.

Jumapili, 9 Juni
Amepata! Mwalimu mkuu! Jopo limemsifu kwamba hababaiki mambo yakiharibika. Sasa ustahimilivu huo alifunzwa na nani, kama si mimi? Hakuna anayelitaja hilo. Mama mkwe kapiga simu kushukuru. Kamshukuru shemeji!
Mke wangu yuko kwa mama yake, wanasherehekea. Kompyuta kaiacha. Nami nimelifikiria jambo hili kwa kina, nikaona kosa lilipokuwa: mifumo miwili lazima igombane, haina msuluhishi. Naweka wa tatu.
Mpaka sasa inakwenda vizuri, ila ina maswali mengi kama shemeji. Imeniuliza kama nina hakika nataka kufuta kila kitu kilichomo. Nimebonyeza ndiyo.